Mafutamingi, Magendo na Kibanda: Lugha ya Lawama na Mjadala wa Hazina ya Serikali nchini Uganda, 1972–1996

Ikisiri

Makala haya yanachunguza mjadala kuhusu hali ya uchumi na fedha za serikali nchini Uganda tangu kufukuzwa kwa Waasia mwaka 1972 hadi mageuzi ya bajeti ya miaka ya 1990. Maneno matatu yaliyovuma mitaani, yaani mafutamingi, magendo na kibanda, yanatumiwa kama ushahidi wa kihistoria. Hoja kuu ni kwamba maneno hayo yalieleza kwa usahihi mambo ambayo sera rasmi ilichelewa kuyakubali. Lakini neno magendo, kwa kuwa lilibeba lawama, lilielekeza macho kwa mfanyabiashara na kuyaondoa kwenye hazina. Mjadala ulipiga hatua pale swali la "nani anaficha bidhaa?" lilipoipisha nafasi hoja ya jinsi serikali inavyoziba pengo la bajeti yake.

1.0 Utangulizi

Historia ya uchumi wa Afrika Mashariki kwa kawaida huandikwa kutokana na hotuba za bajeti, ripoti za mashirika ya fedha ya kimataifa na takwimu za benki kuu. Nyaraka hizo hazikwepeki. Hata hivyo, zimeandikwa na wale wanaoomba fedha au wanaozitoa, na nyingi ziko kwa Kiingereza. Mkulima wa kahawa wa Bugisu na mchuuzi wa soko la Owino jijini Kampala wamo ndani yake kama wastani wa takwimu tu. Namna walivyoielewa hali yao haimo.

Uganda inatoa fursa ya kulisoma jambo hili kwa njia nyingine. Kiswahili si lugha ya kwanza ya Waganda walio wengi, na kwa miongo kadhaa kilitazamwa kwa shaka kama lugha ya kambi za jeshi. Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na tangazo hilo halikukiondolea shaka hiyo. Ilibidi kusubiri marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 ndipo kikatajwa kuwa lugha rasmi ya pili. Pamoja na hayo, katika miaka ambayo Kiswahili hakikuwa na hadhi shuleni wala bungeni, ndicho kilichotoa sehemu ya msamiati ambao wananchi waliutumia kuuzungumzia uchumi wao. Makala haya yanauchukulia msamiati huo kuwa hoja, si pambo la masimulizi. Yanauliza maneno hayo yaliona nini, na yalificha nini.

2.0 Mafutamingi: mali iliyogawiwa na mapato yaliyopotea

Tarehe 4 Agosti 1972 Amin alitangaza kwamba Waasia wenye uraia wa Uingereza wangepewa siku 90 kuondoka nchini. Agizo hilo likapanuka, na makumi ya maelfu ya watu wakaondoka. Maduka, viwanda, mashamba na nyumba zao viligawiwa kwa wanajeshi, maofisa na watu waliokuwa karibu na utawala. Serikali iliita hatua hiyo vita vya uchumi. Mitaani waliofaidika waliitwa mafutamingi.

Umbo la neno lenyewe linastahili kuangaliwa. Upatanisho wa kisarufi wa Kiswahili sanifu ungedai mafuta mengi. Mafutamingi ni zao la vinywa vya Uganda, na hakuna mwanakamati wa istilahi aliyelipendekeza. Maana yake pia ni mahususi. Halimtaji tajiri kwa jumla. Linamtaja mtu aliyenenepa ghafla kwa mali asiyoizalisha.

Kwa mtafiti wa fedha za umma, ndani ya neno hilo kuna maelezo ya jinsi hazina ilivyokauka. Biashara zilizonyang'anywa zilikuwa zikilipa ushuru wa forodha, kodi ya mapato na kodi ya mauzo. Wamiliki wapya wengi waliuza shehena iliyokuwa ghalani bila kuwa na uwezo, na mara nyingine bila kuwa na nia, ya kuagiza nyingine. Rafu zilipobaki tupu, msingi wa kodi nao ulitoweka. Viwanda vya sukari vya Kakira na Lugazi, vilivyoiwezesha nchi kujitosheleza kwa sukari mwanzoni mwa miaka ya 1970, vilikuwa karibu vimesimama kabisa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977 kuliongeza gharama za huduma zilizokuwa zikiendeshwa kwa pamoja. Hazina ikabaki ikiegemea zao moja, kahawa. Serikali ilikuwa imegawa mali, na kwa kitendo hicho ikagawa pia mapato yake ya miaka iliyofuata.

3.0 Magendo: utambuzi na kitambaa cha macho

Mwezi Julai 1975 baridi kali iliharibu mibuni ya Brazil, na bei ya kahawa ikapanda katika soko la dunia. Kwa Uganda hiyo ingepaswa kuwa neema. Lakini mkulima alitakiwa kuuza kupitia bodi ya serikali, kwa bei iliyopangwa na serikali, na kulipwa kwa shilingi iliyokuwa ikipoteza thamani. Kahawa ikavuka mpaka. Chepkube, upande wa Kenya karibu na Mlima Elgon, ikawa soko mashuhuri ambako magunia kutoka Uganda yaliuzwa kwa fedha taslimu. Nyingine ilivushwa kwa mashua katika Ziwa Viktoria.

Serikali ilijibu kwa nguvu. Amri ya mwaka 1975 ilianzisha mahakama maalumu ya makosa ya uchumi, na kikosi cha kupambana na magendo kikaongozwa na Bob Astles, Mwingereza aliyekuwa karibu na Amin. Biashara hiyo haikukoma. Ilipofika mwaka 1981, mwanauchumi Reginald Green aliliweka neno magendo katika kichwa cha makala yake ya Kiingereza kuhusu Uganda, akiuliza kama jambo hilo lilikuwa ugonjwa wa uchumi, mfumo sambamba, au sasa ndio mfumo wenyewe uliotawala. Nelson Kasfir naye alilitumia mwaka 1983 alipojadili uundwaji wa matabaka. Wanazuoni hao waliazima neno la Kiswahili kwa sababu Kiingereza hakikuwa na neno moja lililojumuisha kuvusha mali, kulangua, kuhodhi na kutoa hongo kama sehemu za mfumo mmoja.

Hapo ndipo uwezo wa neno hili ulipokuwa, na hapo pia ndipo lilipopotosha. Katika Kiswahili, magendo ni neno la kuhukumu. Anayelitamka tayari amekwisha kumpata mkosaji: mfanyabiashara, mvushaji, mlanguzi. Neno halimuulizi aliyepanga bei. Tuchukue mfano wa hesabu tu. Ikiwa dola moja ya kahawa hubadilishwa na serikali kwa shilingi 1,400, ilhali dola hiyo hiyo mtaani ina thamani mara tatu ya hapo, basi mkulima anayeuza kwa bodi amekatwa theluthi mbili ya thamani ya mauzo yake hata kabla ya kodi yoyote iliyoandikwa katika sheria. Makato hayo hayakupigiwa kura na chombo chochote, wala hayakuonekana katika vitabu vya bajeti. Mkulima aliyavumbua kwa kulinganisha bei ya chumvi na bei ya gunia, kisha akachukua njia ya Chepkube.

Uganda haikuwa peke yake katika hili. Nchini Tanzania, kampeni ya mwaka 1983 dhidi ya walanguzi na wahujumu uchumi, iliyosimamiwa na Waziri Mkuu Edward Sokoine, ilitumia msamiati wa jamii hiyo hiyo na sheria mahususi ya uhujumu uchumi. Mazingira ya nchi hizi mbili yalitofautiana sana, na nia ya viongozi wake haifai kulinganishwa. Kinacholingana ni mwelekeo wa lugha: bidhaa zikiadimika, swali la kwanza huwa ni nani amezificha. Upungufu wa fedha za kigeni, bei rasmi zisizolipa na nakisi ya serikali hubaki nyuma ya pazia.

4.0 Mabishano ya miaka ya 1981–1987

Utawala wa pili wa Milton Obote, ambaye mwenyewe alishika pia wizara ya fedha, ulijaribu njia tofauti kwa msaada wa Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF). Mwezi Juni 1981 shilingi iliachiwa ielee, na thamani yake rasmi ikashuka karibu mara kumi dhidi ya dola. Kwa muda bei zilitulia kiasi na kahawa zaidi ikarudi katika njia rasmi. Mpango huo ulivunjika mwaka 1984. Vita vilikuwa vikiendelea, matumizi ya serikali yakapita mapato yake, na mwezi Julai 1985 utawala huo ukapinduliwa.

Vuguvugu la NRM lililoshika madaraka mwezi Januari 1986 liliingia na Mpango wa Mambo Kumi, ambao ndani yake mlikuwa na ahadi ya kujenga uchumi wa taifa unaojitegemea na uchumi mseto. Mabishano yaliyofuata yalikuwa ya kweli, na kila upande ulikuwa na hoja nzito. Upande mmoja, uliomjumuisha Rais Yoweri Museveni mwenyewe katika miaka ya mwanzo, ulishikilia kwamba kushusha thamani ya shilingi kungepandisha bei za bidhaa za lazima bila kuongeza kahawa kwa haraka, kwa kuwa mbuni huchukua miaka kuzaa. Fedha chache za kigeni zilizopo zigawiwe kwa mpango, na biashara na nchi rafiki ifanywe kwa kubadilishana bidhaa kwa bidhaa. Upande wa pili ulijibu kwamba kahawa tayari ipo ila inavuka mpaka, na kwamba dola za bei rahisi haziwafikii maskini. Zinaishia kwa mwenye kibali, ambaye huziuza upya kwa bei ya mtaani. Kwa maneno mengine, kila kibali kilikuwa kikimzaa mafutamingi mpya.

Mwezi Agosti 1986 hoja ya kwanza ilishinda, na dola ikawekwa kwenye kiwango kimoja cha shilingi 1,400. Katika mwaka wa fedha wa 1986/87 mfumuko wa bei ulizidi asilimia 200. Mikataba ya kubadilishana bidhaa ilitiwa saini na nchi kadhaa, lakini ni sehemu ndogo tu iliyotekelezwa.

Mwezi Mei 1987 serikali ilibadili mwelekeo. Shilingi mpya moja ilichukua nafasi ya shilingi 100 za zamani, na dola ikapangiwa shilingi mpya 60, kutoka 14 kwa hesabu hiyo hiyo. Aidha, kila aliyebadilisha noti alikatwa asilimia 30. Makato hayo yalilenga kupunguza fedha zilizokuwa mikononi mwa watu. Mzigo wake, hata hivyo, haukuangukia wote kwa usawa. Aliyekuwa ameweka akiba yake kwa dola, kwa magari au kwa nyumba hakukatwa kitu. Mjane aliyehifadhi noti sandukuni alipoteza karibu theluthi. Historia inayosifu mageuzi ya Uganda haina budi kuutaja ukweli huo.

5.0 Kibanda: bei iliyotoka gizani

Neno la tatu lina tabia tofauti. Kibanda, neno ambalo Kiswahili kinalishiriki na lugha jirani za Kibantu kikiwemo Kiganda, lilitumika nchini Uganda kwa soko la mitaani la fedha za kigeni. Tofauti na magendo, kibanda hakimhukumu mtu. Kinataja mahali tu, mahali padogo na pa muda, ambapo mtu huenda kuuza na kununua. "Bei ya kibanda" ikawa kipimo ambacho wafanyabiashara, watumishi wa umma na hata maofisa waliosimamia bei rasmi walikijua kila asubuhi.

Kuporomoka kwa mfumo wa mgawo wa Mkataba wa Kimataifa wa Kahawa mwezi Julai 1989 kuliiweka serikali mahali pagumu. Kati ya mwaka 1988 na 1990 mapato ya Uganda kutokana na kahawa yalipungua kwa karibu nusu. Hazina, iliyoitegemea kodi ya zao hilo, haikuwa tena na cha kulinda kwa kushikilia kiwango rasmi. Mwezi Julai 1990 maduka binafsi ya kubadilishia fedha yaliruhusiwa kisheria. Kibanda kilipata leseni na ubao wa bei mlangoni. Biashara iliyoitwa uhalifu kwa miaka 15 ikageuka kuwa takwimu ambayo benki kuu ingeweza kuisoma. Kuanzia hapo pengo kati ya bei rasmi na bei ya mtaani lilizidi kupungua, na mwaka 1993 soko likaunganishwa kikamilifu.

6.0 Mwaka 1992 na swali la hazina

Ingekuwa kosa kudhani kwamba kuhalalisha kibanda kulimaliza tatizo. Katika mwaka wa fedha wa 1991/92 fedha za wahisani zilichelewa, makusanyo ya kodi yalipungukiwa, na matumizi, yakiwemo ya ulinzi, hayakupunguzwa kwa kiasi hicho. Serikali ilikopa kutoka Benki ya Uganda, yaani kwa lugha nyepesi ilichapisha noti. Wastani wa mfumuko wa bei kwa mwaka 1992 ulipita asilimia 50. Safari hii hapakuwa na kiwango rasmi cha kulaumiwa, wala bodi iliyoshikilia bei. Sababu iliyobaki ilikuwa moja: nakisi ya bajeti na namna ilivyolipiwa.

Mwezi Machi 1992 Rais aliunganisha wizara ya fedha na wizara ya mipango, na Emmanuel Tumusiime-Mutebile akawa Katibu Mkuu na Katibu wa Hazina wa wizara hiyo mpya. Wasifu wake unaunganisha vipindi viwili vya makala haya. Mwaka 1972, akiwa kiongozi wa wanafunzi wa Makerere, alipinga hadharani kufukuzwa kwa Waasia na akalazimika kukimbia nchi; baadaye alifundisha uchumi katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wizara yake ilianzisha utaratibu ulio rahisi kuueleza na mgumu kuutekeleza: kila mwezi wizara zingepewa kiasi kile tu ambacho kodi na misaada vimeingiza. Mwaka 1993 mfumuko wa bei ulishuka chini ya asilimia 10.

Utaratibu huo ulikuwa na gharama zake. Bajeti inayokatwa kila mwezi humnyima mwalimu mkuu na mhandisi wa barabara uwezo wa kupanga mbele, na mara nyingi wanaokatwa kwanza ni wale wasio na sauti katika baraza la mawaziri. Pia haukuondoa upungufu wa kodi. Makusanyo, ambayo mwanzoni mwa miaka ya 1990 hayakufikia asilimia 10 ya pato la taifa, yaliongezeka polepole baada ya kuundwa kwa Mamlaka ya Mapato ya Uganda mwaka 1991. Misaada ndiyo iliyoziba sehemu kubwa ya pengo, na hivyo serikali ikawa inawajibika kwa wahisani wake kwa ukaribu zaidi kuliko kwa walipakodi.

7.0 Nani alikuwa mjadalani?

Mabishano ya mwaka 1986 hadi 1992 yalifanyika katika Baraza la Uchumi la Rais, katika semina na katika vikao na wajumbe wa IMF na Benki ya Dunia. Yalikuwa na kina, na ni heshima kwa Uganda kwamba hoja ziliruhusiwa kugongana na kiongozi wa nchi akabadili msimamo. Hata hivyo, waliolipa gharama za kila uamuzi hawakuwamo, na lugha ya vikao haikuwa yao.

Tukio la miaka michache baadaye linaonyesha kilichokosekana. Uchunguzi wa matumizi ya umma uliofanywa mwaka 1996 ulibaini kwamba, kati ya mwaka 1991 na 1995, ni wastani wa asilimia 13 tu ya ruzuku ya kila mwanafunzi iliyotengwa na serikali kuu ndiyo iliyozifikia shule za msingi. Katika miaka ambayo wizara ilisifiwa kwa nidhamu ya bajeti, hesabu zilikuwa sawa makao makuu na fedha zikapotea njiani. Serikali ilianza kuchapisha magazetini kiasi kinachopelekwa kila wilaya, na shule zikatakiwa kubandika ukutani kiasi zilichopokea. Miaka iliyofuata sehemu kubwa zaidi ya fedha iliwafikia walengwa. Watafiti wanabishana kuhusu kiasi gani cha mafanikio hayo kilitokana na matangazo na kiasi gani kilitokana na mabadiliko mengine ya usimamizi. Lakini hakuna anayebisha kwamba kwa mara ya kwanza mzazi angeweza kulinganisha tarakimu mbili: iliyotumwa na iliyofika. Ni ulinganisho ule ule ambao mkulima wa kahawa aliufanya mwaka 1976, isipokuwa sasa haukumlazimu kuvuka mpaka.

8.0 Hitimisho

Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 iliweka masharti kwamba serikali haiwezi kukopa bila idhini ya Bunge, na kwamba benki kuu ifanye kazi bila kuelekezwa na mtu au mamlaka yoyote. Masharti hayo ni matunda ya historia iliyoelezwa hapa. Yanalinda hazina pale tu panapokuwa na watu wanaoweza kuuliza.

Kwa washauri wa sera katika ukanda wetu, mambo mawili yanajitokeza. Kwanza, maneno ya mitaani ni ushahidi unaopaswa kukusanywa kwa umakini ule ule unaotumika kukusanya bei za vyakula. Pale soko linapopata jina jipya, bei rasmi tayari imeacha kuaminiwa. Pili, si kila neno la mitaani linasaidia kufikiri. Magendo na ulanguzi ni maneno yanayomridhisha anayetawala kwa sababu yanamwonyesha adui nje ya ofisi yake. Bei zinapopanda na maneno hayo yakarejea katika hotuba, mshauri mwaminifu afungue kwanza vitabu vya hazina, aone mapato, matumizi, na namna tofauti yake ilivyozibwa, ndipo amtafute mlanguzi.

Kazi inayobaki ni ya wanataaluma wa Kiswahili. Bajeti za nchi zetu zinazungumzia nakisi, dhamana za serikali na uhimilivu wa deni, lakini nchini Uganda na kwa baadhi ya majirani zake maelezo hayo bado hayapatikani kwa Kiswahili ambacho mlipakodi anaweza kukifuata. Uganda ilipokosa istilahi hizo, wananchi walijitungia zao, na zilidumu kuliko serikali kadhaa. Kuwapa maneno yanayoitaja hazina, na si mfanyabiashara peke yake, ni sehemu ya kuwarudisha katika mjadala unaowahusu.